Kabla ya Kuilaumu Mota



Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho wengi wetu hatukikumbuki mpaka mvua inyeshe, nacho ni vifuta-mvua vya motokaa, ambavyo mafundi huviita waipa. Pengine msomaji atauliza, mwalimu wa chuo ana nini na waipa? Jawabu lake ni kisa kilichotupata mimi na jamaa zangu katika njia itokayo Nachingwea kwenda Ruangwa.

Mpwa wangu anayo Land Rover kuukuu, ya mwaka 1973. Gari hilo ndilo litupelekalo hospitali, ndilo lichukualo korosho hadi ghalani, na aghlabu hubeba watoto wa chuo siku za Maulidi. Siku moja katika mwezi wa Desemba ilitujia habari kwamba mzee wetu mmoja wa Ruangwa amefariki, na kwamba atazikwa baada ya sala ya Alasiri. Tukaondoka mara baada ya Adhuhuri, watu sita garini. Tulipofika kati ya njia, mvua kubwa ikashuka. Waipa zikaanza kwenda polepole kama mtu mwenye usingizi, kisha zikasimama katikati ya kioo.

Nikamwambia mpwa wangu, "Simama." Akajibu, "Mjomba, tukisimama hatutawahi maziko. Nitachungulia dirishani." Nami, kwa kuwa moyo wangu ulikuwa kwa marehemu, nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokosea, kwani mkubwa anayeiona hatari akanyamaza ni mshirika wa anayeshika usukani.

Hatukwenda mbali. Ghafla mke wangu akapiga ukelele. Mbele yetu alikuwapo msichana amejitwika kuni, ameshika mkono wa mdogo wake, wote wawili wameinamisha vichwa kwa ajili ya mvua. Mpwa wangu akakata usukani na gari likaingia mtaroni. Kati ya bampa na mtoto yule mdogo haikubaki zaidi ya dhiraa moja. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Tulikaa pale mpaka mvua ikakatika, na tulipofika Ruangwa, Magharibi ilikuwa imekwisha kuingia na mzee wetu amekwisha kuzikwa. Tulisimama kaburini tukamwombea dua. Kukosa maziko kulituhuzunisha sana. Lakini huzuni ile si kitu mbele ya ile ambayo ingeingia katika nyumba ya watu wengine jioni ile.

Kesho yake mpwa wangu alilipeleka gari kwa fundi mmoja. Fundi hakufungua kitu. Alibonyeza swichi mara mbili, akasema, "Mota imekufa. Agizeni nyingine Dar es Salaam." Mpwa wangu akatoa fedha zake za korosho, mota ikaja, ikafungwa. Kwa siku kadha waipa zikaenda vizuri. Kisha, katika mvua nyingine, zikalegea na kusimama vile vile.

Ndipo tulipomwendea mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya ufundi kwa miaka mingi, ambaye sasa amestaafu. Alikuja na taa ndogo ya kupimia na kipande cha waya tu. Akaushika waya wa ethi wa ile mota, akaugusisha kipande chake, na ncha ya pili akaipeleka kwenye hasi ya betri. Waipa zikaruka kwa nguvu kama mpya. Akanigeukia akasema, "Maalim, mota hii haina kosa. Wala ile ya kwanza haikuwa na kosa."

Vijana wafahamu jambo hili. Umeme wa gari hutoka katika betri, hupita katika fyuzi na swichi, huingia katika mota. Na baada ya kufanya kazi yake hauna budi kurudi betrini. Njia ya kurudi ndiyo iitwayo ethi, na aghlabu hupitia katika bodi ya gari lenyewe. Njia ya kurudi ikizibwa, hata ile ya kwenda haifai kitu. Sasa, mabati mengi ya Land Rover za zamani si ya chuma bali ni ya aluminiamu. Sababu yake ni ya kihistoria: gari hilo lilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, wakati Uingereza, baada ya vita, ilikuwa na uhaba mkubwa wa chuma. Ilikuwa ni miaka ile ile ambayo Waingereza walikuwa wakifyeka misitu yetu ya Nachingwea kwa ajili ya mpango wao wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951.

Aluminiamu haifanyi kutu nyekundu. Lakini skrubu ya chuma ikiishika, na unyevu ukaingia kati yake, hutokea ungaunga mweupe, na ungaunga huo huuzuia umeme. Katika gari la mpwa wangu, fundi mmoja wa zamani alikuwa ameufunga waya wa ethi kwa skrubu ya chuma juu ya bati la aluminiamu. Yule aliyebadilisha mota alipoilegeza skrubu ile na kuikaza tena, ungaunga ulikwanguka kidogo, na kwa hiyo waipa zikaenda siku kadha. Hakuliponya gari, alilipapasa tu. Mzee wetu alikwangua mahali pale kwa msasa mpaka pakang'aa, akakaza skrubu, akapaka grisi juu yake kuzuia maji. Kazi yote haikuchukua nusu saa.

Nikamwomba anifundishe utaratibu wa kutafuta kosa, nami nauandika hapa kwa faida ya kila nyumba yenye gari la zamani.

Kwanza, lowesha kioo, kwa maana waipa zikienda juu ya kioo kikavu hukikwaruza. Washa, utazame. Kisha inua mikono ya waipa isiguse kioo, uwashe tena. Zikienda mbio sasa, kosa liko katika mipira iliyokauka kwa jua la kiangazi, au katika uchafu na mafuta yaliyoganda juu ya kioo.

Pili, zisipokwenda kabisa, tazama fyuzi. Ikiwa imekatika, weka nyingine ya kipimo kile kile. Ikikatika tena, basi kuna waya uliochubuka unaogusa bodi, au kuna kitu kilichokwama. Usifunge kamwe waya mnene wala karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi. Fyuzi huungua ili gari lisiungue.

Tatu, gusisha taa ya kupimia kwenye waya unaouingiza umeme katika mota, swichi ikiwa imewashwa. Taa isipowaka, tafuta kosa katika swichi na nyaya. Ikiwaka, nenda kwenye ethi, ukapime kama alivyopima mzee wetu.

Nne, sikiliza. Mota ikinguruma na mikono haiendi, huenda mkono umelegea mahali unaposhikwa, au meno yamelika. Mota ikienda kwa taabu, itenganishe na ule waya mnene wa meno unaopita bombani na kuizungusha mikono. Ikienda upesi ikiwa peke yake, grisi imekauka ndani ya bomba au katika vigingi vya mikono. Na waipa zikisimama popote unapozima swichi badala ya kurudi chini, tazama swichi ndogo ya kuzirudisha, iliyo pamoja na gia za mota.

Tano, ikiwa yote hayo yamepimwa, na mota iliyo peke yake, yenye umeme kamili na ethi safi, bado inalegea, hapo ndipo ifunguliwe, zitazamwe brashi zake za kaboni. Na kabla ya kufungua chochote cha umeme, toa waya wa betri.

Mpwa wangu alitaka kwenda kumtukana yule fundi wa kwanza. Nikamwambia, "Yeye aliihukumu mota bila kuipima. Nawe usimhukumu bila kumsikiliza." Tukaenda pamoja. Fundi aliinamisha kichwa, akasema, "Mwalimu, sikujua kosa liko wapi, nikaona haya kusema sijui." Akamrudishia mpwa wangu ujira wake. Fedha ya mota haikurudi, lakini mota ile ya kwanza imehifadhiwa stoo, nzima kabisa, nasi tumeifanya kuwa akiba.

Enyi vijana mnaojifunza ufundi, neno "sijui" halimpunguzii fundi heshima. Linalompunguzia ni kumtoza mtu jasho la msimu mzima kwa kubahatisha. Nanyi wenye magari, msione waipa kuwa ni pambo. Mwanamke mmoja wa Alabama huko Marekani, Mary Anderson, alipata hati ya uvumbuzi wa kifuta-kioo tarehe 10 Novemba 1903. Kilikuwa kikivutwa kwa mkono, kwa mpini uliokuwa ndani ya gari. Inaelezwa kwamba wazo lilimjia New York, alipomwona dereva wa tramu akifungua dirisha la mbele wakati wa barafu ili aone njia. Yaani, kutegemea dirisha lililo wazi kulionekana ni upungufu tangu zamani hizo, nasi tuliurudia katika njia ya Ruangwa.

Sasa kila mwaka mwezi wa Novemba, kabla ya mvua, mpwa wangu huosha kioo kwa sabuni, hutazama mipira, hukaza ethi, na kumwaga maji kiooni ili azijaribu waipa. Na tumeahidiana kwamba zikisimama njiani, gari nalo litasimama kando ya barabara, hata kama ni maziko yanayotungoja. Maiti ana watu wengi wa kumzika. Mtoto aliye njiani katika mvua hana mlinzi ila macho ya dereva.