Kamera Iliyotoka Machimboni

Ndugu wafanyakazi, mtu akitaja sinema wengi wetu hufikiria ngumi na mapenzi. Ziko sinema nyingine, zisizo na waigizaji, zinazoonyesha maisha ya watu wenyewe. Kwa jirani zetu wa Kongo, mtu aliyezitengeneza kwa miaka mingi ni Bwana Thierry Michel, Mbelgiji.

Mbelgiji tena? Si ndio hao waliochukua shaba ya Katanga? Swali ni la haki. Lakini Ubelgiji nako kuna tajiri na kuna mchimbaji. Bwana Michel alizaliwa mwaka 1952 huko Charleroi, mji wa makaa ya mawe na chuma, na sinema zake za mwanzo zilihusu watu wa kwao: mwaka 1975 nchi ya wachimbaji, mwaka 1981 wafanyakazi wa chuma. Mwaka 1982 akageukia hadithi ya kuigizwa, "Hiver 60", juu ya mgomo mkuu ulioanza Desemba 1960 ukadumu wiki kama tano. Serikali ya Ubelgiji ilitaka kuongeza kodi na kubana matumizi, na sababu mojawapo ilikuwa hasara ya kuipoteza Kongo, iliyopata uhuru Juni mwaka ule ule. Mrija wa Kongo ulipokatika, mfanyakazi wa Ubelgiji naye akaambiwa akaze mkanda.

Baadaye alipiga picha watoto wa mitaani wa Rio, hospitali ya Conakry, na Iran. Lakini kila mara alirudi Kongo. Alitengeneza sinema ya Mobutu mwaka 1999, na "Katanga Business" mwaka 2009, juu ya makampuni ya kigeni yanayogombea madini huku wachimbaji wadogo wakitafuta riziki mashimoni. Kwa maoni yangu sinema hiyo ina kasoro: mabwana wakubwa wanasema mno, wafanyakazi wanaonekana zaidi wakiwa kundi. Mtoto wa Charleroi angeweza kukaa nao zaidi.

Hata hivyo hakuogopa. Mwaka 2012 alizuiwa kuingia Kinshasa, kwa sababu ya sinema juu ya kuuawa kwa Floribert Chebeya, mtetezi wa haki za binadamu. Mwaka 2015 sinema yake juu ya Daktari Denis Mukwege wa Bukavu ilipigwa marufuku, serikali ikidai pamoja na mengine kwamba maneno ya kina mama yalipotoshwa katika tafsiri ya Kifaransa. Marufuku iliondolewa mwezi uliofuata.

Hapo ndipo ninapotaka tutazame. Mama anasema kwa lugha yake, halafu wakubwa wanabishana juu ya Kifaransa. Yeye mwenyewe haulizwi alisema nini.

Mwaka 2017 Bwana Michel, pamoja na mwenzake, alitoa sinema ya shule ya Cheratte, mji wa mgodi uliofungwa, ambako wanasoma wajukuu wa wachimbaji waliotoka Uturuki. Mgodi umekufa, habari zake zimebaki. Sisi je? Wazee waliokata mkonge na kuendesha mitambo ya nguo wanazikwa na habari zao. Siku hizi simu ya mkononi ina kamera. Kila tawi limkalishe mzee mmoja mwezi huu, limwache aseme Kiswahili chake mpaka amalize, na wanachama waione picha hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote.