Bahati ya trauti si kama ya beti

Kwenye baze yoyote ya Umoja, Kayole au Dandora, neno "bahati" siku hizi lina maana moja tu: timu saba zimeingia, ya nane imekuchoma. Leo naliomba neno hilo kwa ajili ya samaki anayeitwa trauti. Najua utasema hayo ni mambo ya wababi. Ngoja kwanza.

Ukishuka Grogan kutafuta spea ya gari, unatamka jina la mtu aliyemleta samaki huyu. Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza, aliagiza trauti kutoka Loch Leven kule Scotland, na mwaka wa 1905 wakatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Miaka miwili baadaye, Grogan huyo huyo aliwachapa Waafrika viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Kwa hivyo sishangai wengi wetu tukiuona mchezo huu kuwa wa wenyewe. Lakini samaki hana kosa, na mto Gura haukuletwa kwa meli. Maji tunayoyangoja na mitungi Eastlands mengi hutoka milima hiyo hiyo. Mbona tuyanywe tu bila kuyajua?

Sasa bahati yenyewe. Trauti hupenda maji baridi, safi, yenye hewa nyingi. Mtoni hukaa ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka, maana chakula chake huletwa na mkondo, na hupenda kujibanza nyuma ya jiwe ili asichoke. Ukijua hilo tu, umeshawapita wengi. Wanaorudi mikono mitupu ni wale wanaomjia kutoka juu, wakikanyaga ukingo dhu! dhu!, kivuli kimetangulia. Wewe mjie kwa nyuma, kutoka chini. Tupa ndoana juu yake kidogo, iteremke na maji kama mdudu aliyejiangukia. Nenda alfajiri au jioni. Mvua ikipiga mlimani na mto ukageuka rangi ya chai ya maziwa, kunywa chai.

Kwenye lambo au ziwa la mlimani, kayaki ni rafiki mzuri: iko chini, haina injini, na inakufikisha ambako ukingo haukufikishi. Watu huiharibu wenyewe kwa kugonga kasia ubavuni. Mlio huo samaki anausikia vizuri kuliko wewe. Acha upepo ukusukume polepole huku ukirusha mbele yako. Jaribu vijito vinapoingilia, na pale kina kifupi kinapoangukia kirefu. Jaketi la kuokolea ni lazima, hata kama wewe ni samaki mwenyewe, kwa sababu maji yale yanabana kifua kabla hujakumbuka kupiga mbizi. Naivasha na kayaki sikushauri. Viboko wa huko hawana haja na mahakama.

Kinachonikera ni gharama. Leseni ya uvuvi lazima, kiingilio cha mbuga au msitu ni juu yako, na nauli ya kilomita kama 150 hadi Nyeri bado. Kijana wa mjengo atazitoa wapi zote wikendi moja? Serikali ina kituo cha kuzalishia trauti Kiganjo, miaka mingi sasa. Kwa maoni yangu, kiwe na siku zake za vijana wa mitaa, kwa ada wanayoiweza, na fito za kuazima. Waanze na makundi yanayotoa takataka Mto Nairobi kule Korogocho na Dandora. Hao wanaujua mto uliokufa kwa mikono yao. Wamwone trauti, ambaye maji yakichafuka au yakipata joto ndiye wa kwanza kuondoka, halafu tusikie kama watanyamaza msitu ukikatwa kule juu.

Kabla siku hizo hazijafika, changeni watatu wanne kama mnavyochangia mpira. Kateni leseni, mwulize masharti ya mto mnaoenda, kwa sababu mingine hairuhusu minyoo bali nzi bandia tu. Thego, karibu na Kiganjo, ni pazuri pa kuanzia. Na spika ya bluetooth ibaki mtaani.