Cheni ya bei ya chini hula mtaji

Wenye maduka ya vipuri vya baiskeli wengi huagiza cheni kwa kutazama bei ya jumla peke yake. Hiyo ni hesabu fupi. Mteja wao mkubwa ni mtu anayebeba mkaa, maziwa au ndizi, na kwake baiskeli ndiyo mtaji. Cheni ikimkatikia njiani, biashara ya siku hiyo imekwisha.

Hata hivyo, hasara kubwa huanza kabla cheni haijakatika. Pini na matundu yake yakilika, cheni hurefuka, nayo huanza kula meno ya spoketi na ya friwili. Mwenye baiskeli aliyepaswa kununua kipuri kimoja hujikuta akinunua vitatu.

Kipimo chake ni rula ya futi moja. Kati ya pini na pini kuna nusu inchi; kwa hiyo cheni ikivutwa, kutoka pini ya kwanza hadi ya 25 pawe inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, fedha ya cheni mpya iandaliwe. Ikizidi kwa 1/8, kwa kawaida meno nayo yameshaharibika, na cheni mpya itakuwa ikiruka juu yake. Mfanyabiashara naye apime mzigo kabla ya kuulipia. Aidha, aangalie upana: cheni ya baiskeli yenye gia ni nyembamba, haikai kwenye meno manene ya baiskeli isiyo na gia.

Matunzo hayana gharama kubwa. Cheni ipanguswe vumbi, itiwe tone la mafuta safi kwenye kila kiungo, kisha ya nje yafutwe, maana mafuta yakichanganyika na vumbi husaga chuma. Oili chafu ya gari ina mabaki ya vyuma na haifai.

Kwa upande wa waya za breki, mwenye duka ajue kwanza baiskeli za eneo lake. Zile zenye breki za fito za chuma hazihitaji waya. Kwa zinazohitaji, waya usioshika kutu ndio unaodumu, hasa pwani. Waya uliokatika hata uzi mmoja ubadilishwe. Wala kava la waya wa gia lisitumike kwenye breki, kwani laweza kupasuka breki inapobanwa kwa nguvu.

Wapo wanaodai kuwa kipuri kinachodumu hupunguza mauzo. Hoja hiyo ni dhaifu. Mteja aliyekatikiwa na waya wa breki mteremkoni, akiwa na gunia nyuma, harudi dukani hapo, na majirani zake watapata habari. Aliyedumu na cheni yake atarudi kununua tairi, pedeli na spoku.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.