Mchezaji bora wa watoto asichaguliwe kwa mabao tu

Fainali ya ligi ya watoto mtaani imekwisha. Soda zimegawiwa, wazazi wamejipanga kando ya uwanja na kocha ameshika kikombe kimoja cha mchezaji bora. Anaitwa mfungaji wa mabao mengi, makofi yanapigwa. Pembeni, golikipa wa miaka tisa anavua glovu zake taratibu. Njiani anamwambia mama yake: “Msimu ujao sitaki tena kudaka.” Mama anajibu, “Haya, tutaona,” na mazungumzo yanaishia hapo.

Wazazi wengi huliona hili kuwa suala la kikombe cha plastiki. Lakini mtoto anayeamini kwamba mchango wake hauonekani anaweza kuacha kucheza kabisa, na hapo inakuwa habari ya afya.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 za mazoezi kila siku. Takwimu zake zinaonyesha kuwa takriban vijana wanane kati ya kumi wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikii kiwango hicho. Ligi ya mtaani ni moja ya njia rahisi za kukifikia, mradi mtoto atake kurudi Jumamosi inayofuata.

Kwa nini wafungaji hushinda

Macho ya watu wazima hufuata mpira unapoingia wavuni. Hata kwenye soka la kulipwa ni hivyo. Tuzo ya Ballon d’Or ya wanaume ilianza mwaka 1956, na hadi leo golikipa aliyewahi kuichukua ni mmoja tu, Lev Yashin, mwaka 1963.

Kwenye netiboli hali ni wazi zaidi. Timu ina wachezaji saba, lakini kanuni zinaruhusu wawili tu kufunga. Kamati ikihesabu mabao, wasichana watano wameshatolewa kwenye tuzo kabla filimbi ya kwanza haijapulizwa.

Umri nao una mchango wake. Katika kundi la watoto waliozaliwa mwaka mmoja, wa Januari anamzidi wa Desemba karibu miezi 12. Kwa mtoto wa miaka minane, tofauti hiyo ni kubwa kwa urefu, nguvu na kasi. Mara nyingi anayeitwa mwenye kipaji ni yule aliyetangulia kuzaliwa.

Tuzo inaweza kupunguza hamu

Mwaka 1973, Mark Lepper na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti kuhusu watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti ili wachore, baadaye walipoachwa huru walichora kidogo kuliko wenzao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa hawakupoteza hamu.

Mwaka 1998, Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao walikata tamaa haraka walipokutana na maswali magumu, tofauti na waliosifiwa kwa juhudi. Tafiti hizo hazikufanyika uwanjani, lakini mzazi yeyote aliyekaa na mtoto baada ya kufungwa ataelewa.

Kamati ya wazazi ifanye nini

Kwa watoto wa chini ya miaka minane, kikombe cha mchezaji bora si cha lazima. Kocha anaweza kumshtukiza mtoto kwa pongezi baada ya mechi, kwa jambo mahususi alilolifanya.

Kwa wakubwa, vigezo vitajwe mwanzoni mwa msimu: mahudhurio ya mazoezi, nidhamu, kusaidia wenzake, maendeleo na uchezaji katika nafasi yake. Kocha awe na daftari, aandike mstari mmoja kila mechi. Bila daftari, kamati hukumbuka fainali tu.

Watoto wenyewe wapewe kura, kwa siri. Wanajua nani alikimbia kurudi nyuma kukaba. Lakini kura yao isiwe pekee, kwani huweza kumfuata rafiki wa wengi. Mzazi ambaye mwanawe anajadiliwa atoke kwenye kikao, hata kama ndiye aliyenunua jezi.

Tuzo ziwe tatu au nne badala ya moja. Kumpa kila mtoto kikombe kinachofanana nako hakusaidii sana, maana watoto hutambua upesi sifa isiyo na sababu. Anayetangaza aeleze sababu mbele ya wote: “Huyu alikuja mazoezini kila wiki, na alipofungwa bao aliwainua wenzake.”

Njiani kurudi nyumbani

Mzazi asikimbilie kusema kamati imependelea, wala asimwambie mtoto “hiyo si kitu”. Kwake ni kitu. Amsikilize kwanza, kisha ataje alichokiona kwa macho yake.

Mama wa yule golikipa hajachelewa. Jioni wakila anaweza kumwambia, “Ile penalti uliyoipangua kipindi cha pili niliiona. Ulijuaje atapiga kulia?” Kisha anyamaze, amwache mwanawe aeleze.