Deni la Chuo: Tukae Tuhesabu

Mwezi uliopita mama mmoja tunayesali naye alikuja zahanati kupima presha. Ilikuwa juu kuliko kawaida yake. Tulipomwuliza kama anameza dawa, alisema anameza, ila usiku hapati usingizi. Tukamkalisha pembeni, akatueleza yaliyomsibu. Kwa ruhusa yake tunawasimulia.

Binti yake amepata nafasi chuo kikuu kusomea shahada ya usimamizi wa rasilimali watu, ile kazi ambayo sisi wa zamani tumezoea kuiita utumishi. Bodi ya Mikopo imempa mkopo, lakini haukutosha ada yote. Ili kuziba pengo, mama alikuwa mbioni kuchukua mkopo wa mtaani, ule unaoitwa kausha damu. Apewe laki tano, arudishe laki sita na nusu ndani ya mwezi mmoja. Dhamana ni cherehani yake. Baba wa nyumba hakuwa na habari.

"Nesi, si mnasema elimu ndiyo urithi wa mtoto?" alituuliza.

Ndiyo, tunasema. Lakini hata urithi huhesabiwa. Akina mama wenzetu, hebu tukae tuhesabu.

Tuanze na deni la Bodi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Tangu sheria hiyo irekebishwe mwaka 2016, mhitimu akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Wengi bado wanaiogopa ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyolifanya deni livimbe. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021.

Tuchukue mfano. Binti anamaliza chuo akiwa na deni la shilingi 12,000,000. Anapata kazi serikalini kwa mshahara wa msingi wa shilingi 700,000. Kila mwezi Bodi itachukua 105,000. Mshahara usipopanda, atalipa kwa miezi 115, yaani miaka tisa na nusu na kidogo. Tena kuna mchango wa pensheni wa asilimia 5, ambao ni 35,000, na bima ya afya asilimia 3, ambayo ni 21,000. Zinabaki 539,000, na kodi ya mapato bado haijatolewa. Humo atoe pango, nauli na chakula, na wazazi nao wanangoja chochote. Akiajiriwa na kampuni ndogo kwa shilingi 400,000, makato yatakuwa 60,000, na deni litachukua miezi 200. Hiyo ni zaidi ya miaka 16.

Tusitishike, lakini tusijidanganye pia. Mama anayetazamia kwamba binti akivaa joho tu nyumba itaezekwa upya, atamlaumu bure. Mshahara wa mwanzo una wenyewe.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Hospitali yenye wauguzi hamsini inaweza kuwa na afisa utumishi mmoja tu. Nafasi si nyingi kama wanaozisomea. Zile za serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira, na usaili wake hukusanya umati. Kwa hiyo binti ajiandae kwa mambo yatakayomtofautisha na wenzake. Aijue vizuri Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: mikataba, likizo, nidhamu na namna ya kumwachisha mtu kazi kwa haki. Ajue kutayarisha orodha ya mishahara kwa kompyuta. Mafunzo kwa vitendo asiyafanye ya kupita tu. Shule binafsi, viwanda na hospitali za mashirika huhitaji mtu wa namna hiyo hata pale wasipomwita afisa utumishi.

Tena shahada si mlango pekee. Chuo cha Utumishi wa Umma hufundisha fani hii kwa ngazi ya cheti na stashahada. Sisi wenyewe tuliingia wodini na stashahada ya uuguzi, na hatujalala njaa. Mwenye stashahada anaweza kuanza kazi, kisha akajiendeleza akiwa na chake mfukoni. Tunasema haya kwa sababu akina mama wengine huona aibu mtoto asipokwenda moja kwa moja chuo kikuu. Aibu hiyo ina bei.

Turudi kwa mama yetu. Tulimwonyesha kwenye karatasi kwamba anaogopa deni lisilo lake na kukimbilia lililo baya zaidi. Deni la Bodi hukatwa kwenye mshahara baada ya binti kupata kazi. Kausha damu halingoji mshahara wa mtu. Lingetaka 150,000 za faida mwezi wa kwanza tu, kutoka kwenye cherehani inayolisha watoto wengine watatu. Cherehani ikichukuliwa, hata nauli ya binti itatoka wapi?

Kisha tukamwomba jambo gumu kuliko hesabu: amwambie mume wake.

Alirudi baada ya wiki mbili. Alisema baba alikasirika siku ya kwanza, siku ya pili akaomba ile karatasi. Waliketi watatu, na binti akiwemo. Binti amekata rufaa Bodi kuomba nyongeza. Chuo kimekubali ada ya muhula ilipwe kwa awamu. Baba ameahidi kuuza mbuzi wawili kwa awamu ya kwanza, na shangazi ameahidi kuchangia ya pili. Rufaa bado haijajibiwa, na ya mwaka wa pili hawajui itatoka wapi. Tulipompima, presha ilikuwa imeshuka kidogo, si sana. Tukamwambia aendelee na dawa.

Wapenzi wasomaji, kama mna mtoto anayengoja majina ya chuo, msisubiri wiki ya mwisho. Chukueni karatasi na kalamu, mwiteni baba, mwiteni na mtoto mwenyewe, kwa sababu deni litaandikwa kwa jina lake. Andikeni ada, mkopo, pengo, na pengo litajazwa na nani. Na pale penye jibu la "nitakopa kimya kimya," pigeni mstari mwekundu.