Ukienda Avignon, lala ndani ya ukuta hata kama bei inakutisha

Ilikuwa Jumapili, saa nne usiku. Mimi na dada yangu tumesimama mapokezi kwenye hoteli moja nje ya mji wa Avignon, kusini mwa Ufaransa. Nikamwonyesha karani simu yangu aone kadi ya mtandaoni niliyotumia kulipia chumba. Akaangalia, akatabasamu, akasema chumba kimelipwa, hakuna shida, ila anataka kadi ya plastiki, ile ya kushika mkononi, azuie dhamana ya euro 150. Mimi sina. Dada naye hana. Tukaanza kuhesabu noti pale pale.

Nitarudi kwa hiyo dhamana. Kwanza wacha niseme kosa lililotufikisha kwenye hoteli ile, maana ndilo ambalo watu wengi hukaribia kulifanya. Tulipanga orodha ya hoteli kuanzia bei ya chini, tukabonyeza ya kwanza. Basi.

Avignon ni mji mkongwe. Mapapa wa Kanisa Katoliki walikaa hapo badala ya Roma kuanzia 1309 hadi 1377, na jumba lao, Palais des Papes, bado limesimama. Mji wa kale umezungukwa na ukuta wa mawe wenye urefu wa zaidi ya kilomita 4. Ukiwa ndani ya ukuta huo, karibu kila kitu ulichosafiri kukiona kinafikika kwa miguu: jumba la mapapa, kanisa kuu, soko la Les Halles, na pale mtoni lile daraja la Saint-Bénézet ambalo limebaki na matao 4 tu. Ukiingia kwa lango la kusini, unafuata barabara moja iliyonyooka na dakika kama 15 baadaye uko mbele ya jumba.

Sasa, neno "Avignon" kwenye programu ya kutafuta hoteli ni pana kuliko ukuta. Linabeba pia hoteli za Le Pontet na za kando ya barabara kuu ya magari, mahali penye maduka makubwa na maegesho. Si pabaya. Mtu mwenye gari atakaa raha mstarehe. Lakini wewe na mimi tunaoshuka kwenye treni na sanduku la kuvuta, pale tunalipia kila hatua.

Na hapo kuna mtego mwingine: stesheni ni mbili. Treni za kasi kutoka Paris, zikiwemo zinazotoka moja kwa moja uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, nyingi husimama Avignon TGV, ambayo iko nje ya mji. Avignon Centre ndiyo inayotazamana na lango la ukuta. Kati ya hizo mbili kuna treni fupi ya dakika 5 hivi. Kwa hiyo tangazo likikuambia "karibu na stesheni", uliza ni stesheni gani.

Hebu tuone hesabu yetu. Chumba chetu cha nje kilikuwa euro 58 kwa usiku. Kile tulichokiacha, ndani ya ukuta, kilikuwa euro 84. Kwa siku tano tulijisifu kuwa tumeokoa euro 130. Kumbe! Teksi ya kwanza usiku ule euro 32, kwa sababu ni Jumapili na basi hatukulipata. Jioni mbili tulichelewa mjini tukala chakula, teksi euro 27 kila mara. Siku ya kuondoka, euro 30. Weka mabasi ya watu wawili ya kwenda na kurudi, kama euro 24. Jumla ni euro 140. Tulilipa zaidi ili tulale mbali. Na bado sijataja ule mchana dada alipotaka kupumzika saa moja tu, akakaa kwenye benchi huku upepo wa mistral ukimpiga, kwa sababu kurudi hotelini kungemaliza nusu siku.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: kama huna gari, tafuta maneno "intra-muros" kwenye tangazo, yaani ndani ya ukuta, au chagua hoteli iliyo umbali mfupi wa miguu kutoka Avignon Centre. Chumba kitakuwa kidogo. Nyumba ni za zamani, ngazi ni nyembamba, na nyingine hazina lifti. Ukisafiri na mama mwenye shida ya magoti, uliza mapema. Ukikaa karibu sana na Place de l'Horloge utasikia watu wa mikahawa hadi usiku. Hayo yote mimi nayavumilia.

Mwezi wa Julai ndio siutetei msimamo huu. Tamasha la michezo ya kuigiza, lililoanzishwa na Jean Vilar mwaka 1947, hujaza mji mzima, na bei ya vyumba vya ndani hupanda vibaya. Hapo ningetafuta Villeneuve-lès-Avignon, ng'ambo ya mto Rhône, au ningelala Arles na kuja kwa treni ya dakika 20 hivi, baada ya kuangalia saa ya treni ya mwisho kurudi. Au ningeenda Mei, kama hukufuata tamasha.

Tuje kwa pesa yenyewe, maana huku ndiko wateja wetu wanakoumia kimyakimya.

Ombi la viza linataka uonyeshe utalala wapi. Ufaransa huweka kiwango cha pesa unachopaswa kuthibitisha unacho kwa kila siku: euro 65 kwa mwenye hoteli aliyoiweka, na euro 120 kwa asiye nayo. Hakikisha viwango hivyo kabla ya kutuma ombi, kwa sababu hubadilika. Ukiona tofauti hiyo, kishawishi ni kukimbilia chumba cha bei rahisi ambacho pesa hazirudishwi. Usifanye hivyo kabla viza haijatoka. Lipa kidogo zaidi upate chumba kinachoruhusu kughairi, na uandike tarehe ya mwisho ya kughairi kwenye kalenda ya simu. Ukirudishiwa, usishangae shilingi zikipungua. Euro hubadilishwa kwa bei ya siku ile ya kurudi.

Kuna vyumba vya "lipa baadaye". Hivyo vina shida yake kwa kadi za mtandaoni. Baadhi ya kadi hizi zina namba ya usalama inayobadilika baada ya muda mfupi. Hoteli ikijaribu kukata pesa wiki mbili baadaye, malipo yanakataa, na chumba chako kinaweza kwenda kwa mwingine wewe ukiwa umelala Nakuru. Kama kadi yako ni ya namna hiyo, lipa papo hapo, au tumia kadi ya plastiki ya benki.

Ukifika na mashine ikikuuliza kama unalipa kwa shilingi au euro, bonyeza euro. Ile ya shilingi inaonekana ya kirafiki, lakini bei ya kubadilisha huwa imepangwa na wenye mashine, na mara nyingi ni ghali. Uwe pia na chenji ya kodi ya watalii, taxe de séjour, inayotozwa kila mtu mzima kwa kila usiku. Wakati mwingine imo ndani ya bei, wakati mwingine unadaiwa mapokezi. Walio chini ya miaka 18 hawalipi.

Na ukipata ujumbe, hata kama umebeba jina la hoteli yako na tarehe zako kamili, ukisema uthibitishe kadi kwa kiungo fulani ndani ya saa 24 la sivyo chumba kitafutwa, acha. Ipigie hoteli kwa namba uliyoitafuta mwenyewe. Mwenye chumba akikuomba utume pesa nje ya programu uliyowekea nafasi ili akupunguzie bei, huyo pia muache. Na PIN yako haihitajiki na hoteli yoyote duniani.

Yule karani alikubali noti zetu, akaandika risiti kwa mkono, na siku ya kuondoka zote 150 zikarudi. Lakini siku tano tulitembea na pesa kidogo mfukoni kuliko tulivyopanga, na chakula kilipungua. Siku hizi kabla ya kulipa natumia hoteli ujumbe mmoja: dhamana ni kiasi gani na mnaikubali kwa kadi ya mtandaoni? Kodi ya watalii imo kwenye bei? Lifti ipo? Wasiponijibu kwa siku mbili, natafuta nyingine.