Je, Wapiga Mieleka Wadogo Watengwe?

Wengi wetu hapa shuleni hupenda kutazama mieleka ya kulipwa, na kila mara hubishana: yafaa wapiga mieleka wadogo wawe na ubingwa wao, mbali na wakubwa? Wako wasemao kuwa jambo hilo halina maana, maana mshindi hupangwa kabla ya mchezo. Katika ngumi, wao husema, uzito hupimwa ili mdogo asiumizwe na mkubwa. Lakini katika mieleka hii uzito wapimwa kwa ajili gani?

Mimi naona kuwa kwa sababu hiyo hiyo ya kupangwa, mdogo ahitaji nafasi yake. Wapangaji wa Marekani kwa miaka mingi walipenda majitu, na mwembamba mara nyingi aliingizwa ulingoni ili aangushwe tu. Panapo ubingwa wa wadogo, hapana budi mdogo mmoja ashinde, na watu wauone wepesi wake.

Tutazame Japani. Tarehe 23 Aprili, 1981, Satoru Sayama, aliyevaa kinyago cha chui milia na kuitwa Tiger Mask, alipambana mjini Tokyo na Mwingereza Dynamite Kid. Mbio na miruko yao iliwastaajabisha watazamaji. Mwaka 1986 kampuni ya New Japan ikaanzisha ubingwa wa wasiozidi kilo 100, nao ungalipo hata leo. Jushin Liger aliutwaa mara 11.

Huko Marekani mambo yalikuwa mengine. Kampuni ya WWE iliufuta ubingwa wa wadogo mwaka 2007, kisha mwaka 2016 ikaanzisha mwingine wa wasiozidi ratili 205, yaani karibu kilo 93. Wadogo wakapewa onyesho lao, nalo likawekwa baada ya onyesho kubwa kwisha. Mwaka 2022 onyesho na ubingwa vyote vikakoma. Kutengwa kwa namna hiyo ni kufungiwa zizini.

Basi, wadogo wawe na ubingwa wao, lakini njia ya kupanda juu isizibwe. Rey Mysterio alikuwa bingwa wa wadogo katika WCW mwaka 1996. Mwaka 2006 akatwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu katika WWE, mbele ya Kurt Angle na Randy Orton. Will Ospreay naye alianzia kwa wadogo wa New Japan, na mwaka 2021 akawa bingwa wa wakubwa.

Jambo hili latuhusu na sisi. Tunapochagua timu za mabweni, mvulana mfupi huachwa nje kabla hajajaribiwa. Na acheze kwanza na walio sawa naye, na akiiva apandishwe bila kuulizwa kimo chake. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Mwenye maoni mengine na amwandikie Mhariri.